Ufa wa Fundi

Baba yangu ni fundi wa kujenga. Kanisa letu pale Mbulumbulu alilijenga yeye na wenzake, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama anasema siku ya kuliweka wakfu baba alivaa koti la kuazima na hakukaa chini ibada nzima. Alikuwa anazunguka akigusa kuta kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyetoka kumnunua mnadani. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, ufa ukatokea. Ulianzia kwenye kona ya upande wa bondeni, ukapanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, ukapita juu ya dirisha la mwisho na kuishia chini ya kenchi za paa.

Aliuziba. Masika yaliyofuata ukarudi. Akabomoa kona yote, akaijenga upya, akaweka nondo mahali ambapo hapakuwa na nondo. Ukarudi. Akabandika vipande vya kioo kwa saruji, kimoja chini na kimoja juu, ili ajue kama ukuta bado unasogea, na kila mwaka vioo vilikatika katikati. Tulipokuwa shule ya Jumapili sisi watoto tuliuita ule ufa "ufa wa fundi". Mimi pia niliuita hivyo, mpaka siku moja nikaelewa fundi ni nani.

Hakuna mtu aliyemtukana. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Watu walimsalimia vizuri, walimkaribisha chai, walimwita kuziba tangi au kupanga jiko. Ila mtu akitaka kujenga nyumba ya maana, fundi alitoka Karatu mjini. Baba alilima ngano na maharage kama jirani yeyote, na sanduku lake la mwiko, timazi na pima maji likahamia chini ya kitanda.

Watu hupenda kusema nilisomea jiolojia kwa sababu ya ufa ule. Si kweli. Niliomba ualimu, nikapangiwa jiolojia. Mwaka wa kwanza nililia, mwaka wa pili nikazoea, na mwaka wa tatu tulipelekwa kuangalia mawe porini nikagundua kwamba sitaki kurudi darasani. Nilipofika shahada ya pili nilijua ninachokitaka: kuchunguza tabaka za juu za ardhi, zile za mita chache tu chini ya miguu yetu, mahali ambapo ardhi imepasuka na upande mmoja ukashuka. Sisi huita mahali hapo mpasuko. Na mpasuko mkubwa kuliko yote ninayoijua uko nyuma ya mashamba ya kwetu. Ukitembea kuelekea mashariki kutoka Mbulumbulu, shamba linaisha ghafla, na chini kabisa unaona tambarare ya Manyara. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Lakini kabla ya kufika ukingoni kuna vituta vidogo vinavyokatiza mashamba, virefu na vilivyonyooka, ambavyo trekta huvipanda kwa shida na hakuna anayejiuliza vilitoka wapi. Mimi ndivyo nilivyotaka, kwa sababu nilishuku kwamba chini ya kila kimoja kuna mpasuko.

Nilifika nyumbani mwisho wa masika na rada ya chuo ndani ya gari la kukodi, pamoja na dereva, kaka mmoja wa Karatu aliyezoea kupeleka wageni Ngorongoro kuona wanyama. Siku ya kwanza aliniuliza kama rada ile inaweza kuona faru aliyejificha. Nikamwambia haioni kitu chochote kilicho juu ya ardhi, inaona chini tu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wageni wangu hawataihitaji."

Mashine yenyewe haina sura ya kutisha. Ni boksi bapa la plastiki linaloburutwa kwa kamba kama mtoto anavyoburuta kopo. Nyuma yake kuna gurudumu dogo linalopima umbali, na kifuani unavaa skrini. Boksi hutuma wimbi la redio ardhini. Wimbi likikuta tabaka jipya, tuseme limetoka kwenye udongo na kukuta majivu ya volkano, sehemu yake hurudi juu, na mashine hupima limechukua muda gani. Ukiburuta polepole kwa mstari mnyoofu, skrini inachora picha ya ardhi kama vile umeikata kwa kisu. Hiyo ni ikiwa ardhi imekubali.

Mama alitupokea kwa makande na maziwa mgando, na kabla sijamaliza bakuli akanipa habari. Kamati ya ujenzi ya kanisa ilikuwa imeamua kuliacha jengo la zamani. Wangejenga jipya juu kidogo, kwenye sehemu tambarare iliyo kando ya kituta. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa.

"Na fundi?" nikauliza.

"Fundi anatoka Karatu."

"Baba je?"

Mama alichota makande mengine akaniwekea bila kuulizwa. "Baba yako amepewa kazi ya kupokea mchanga."

Kesho yake nilimkuta kwenye lundo la mchanga, amevaa kofia yake ya zamani ya kazi, anamwelekeza dereva wa lori amwage wapi. Aliifanya kazi ile kwa makini yote. Alichota mchanga kiganjani, akausugua, akaupuliza kuona una vumbi kiasi gani. Niliposema shikamoo aliitikia bila kugeuka, kisha akageuka na kutabasamu, kisha akaurudia mchanga wake.

Hapo ndipo nilipojiwekea nia. Mpasuko niliodhani unapita chini ya kituta ulikuwa karibu sana na kanisa la zamani. Mpasuko mara nyingi hauwi mmoja, una matawi. Kama tawi moja lilipita chini ya ile kona, basi ukuta ulikuwa umejengwa vizuri na kilichosogea ni ardhi yenyewe, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzuia ardhi. Niliitaka hiyo picha. Niliitaka zaidi ya shahada.

Tulianza kwenye machimbo ya moramu, kwa sababu pale ukuta wa shimo unaonyesha tabaka wazi: udongo mwekundu juu, chini yake majivu ya kijivu yaliyoshikana kama saruji mbovu, yaliyomwagwa huko nyuma sana milima ya Ngorongoro ilipokuwa bado inatema moto, na chini yake tena udongo wa kahawia. Tuliburuta rada juu ya ukingo, nikalinganisha skrini na ukuta. Kisha dereva akashuka na kupigilia nondo ndani ya ukuta, kwa kulala, kwenye kina tulichokipima. Tulipopita juu yake, nondo ilijitokeza kwenye skrini kama unyusi uliochorwa kwa wino. Majivu yalionekana pia, mstari mweupe na mweusi uliokwenda sambamba na ule niliouona kwa macho.

"Kumbe inaona kweli," dereva akasema. Tangu siku hiyo alianza kuiita rada "mtaalamu".

Kwenye uwanja wa kanisa mtaalamu hakuona kitu. Mvua zilikuwa zimekatika lakini udongo ulikuwa bado umeshiba maji, na udongo wa mfinyanzi uliolowa hulimeza wimbi lote. Skrini ilionyesha mistari miwili mitatu ya juu, na chini yake uji. Tuliburuta asubuhi, tukaburuta mchana. Nikabadilisha antena nikaweka ile kubwa, inayokwenda chini zaidi ingawa haichori vizuri. Uji mzito zaidi. Watu waliokuja kuangalia kama tunatafuta dhahabu walichoka wakaenda zao.

"Dada, udongo umekataa," dereva akasema jioni moja, akikunja kamba.

"Haujakataa. Bado haujakauka."

"Na ukikauka wakati mashine imeshatakiwa kurudi?"

Lilikuwa swali zuri. Kuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa anaisubiri rada ile, na msimamizi wangu alishaniandikia mara mbili. Nikamwomba aniongezee muda, akaniongezea kidogo, kwa maneno machache ya mtu asiyependa kuombwa tena. Tukahamia kwenye kituta, ambako ardhi imeinuka na maji huondoka mapema, tukapiga mistari ya utafiti wangu huko huku tukisubiri uwanja wa kanisa ukauke. Kila asubuhi nilipita uwanjani kwanza, nikachimba kishimo kwa jembe, nikafinyanga udongo kiganjani. Ukinata, tunakwenda kwenye kituta.

Kisha mbuzi wa jirani akatafuna waya wa betri. Nilishuka Karatu na waya mkononi, dukani kwa mzee mmoja wa spea za pikipiki jirani na stendi. Ilikuwa Ijumaa. Aliutazama waya, akasema kichwa cha namna hiyo hana, ila ana cha namna nyingine na anaweza kukifanya kiingie. "Lakini sasa nakwenda msikitini. Nisubiri au urudi kesho." Nikakaa kwenye kibaraza cha duka lake na kusubiri, watalii wakipita kwenye magari yao marefu kuelekea getini Ngorongoro, vumbi likinitua kichwani. Aliporudi alinikuta palepale. Akacheka. "Binti, wewe una haraka ya kutulia," akasema, na waya ukapona.

Jioni hiyo mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua maharage.

"Unamtafutia nini baba yako?" akaniuliza kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, anayoitumia mambo yakiwa mazito.

"Ninatafuta kilichopasua ukuta."

"Na ukikuta ni yeye?"

Nikachota maharage nikaanza kuchambua naye. Aliendelea kuchambua, jiwe huku, maharage huku. "Yeye anakusubiri, unajua. Hasemi. Lakini kila ukirudi anakutazama miguu kuona umekanyaga udongo wa wapi."

Uwanja ulikauka. Niliufinyanga udongo ukavunjika vidoleni, nikamwita dereva. Tulipiga mstari wa kwanza sambamba na ukuta mrefu wa kanisa, tukianzia upande wa mlimani. Majivu yalitokea mara moja, mstari safi ulionyooka. Tukafika katikati ya kanisa. Mstari ukaanza kuinama. Ukainama zaidi, ukazama, ukapotea kwenye uji uleule wa mwanzo. Dereva aliniona usoni. "Ndio huo?" akauliza.

"Endelea kuburuta."

Kama ulikuwa mpasuko, majivu yangebaki chini upande wa pili. Tulivuka kona yenye ufa, tukavuka njia ya kwenda kisimani, na ng'ambo ya pili majivu yakainuka tena kutoka kwenye uji na kurudi kwenye kina kilekile cha mwanzo. Nilisimama pale nikiwa na skrini kifuani. Tukarudia mstari. Tukaupiga kwa kukatiza. Tukapiga mingine, tukaubana uwanja wote kama shuka linalotariziwa, siku hiyo na siku iliyofuata. Nilijua jibu tangu mstari wa kwanza lakini niliendelea, kwa sababu nilikuwa nautafuta mstari mmoja tu wa kunipinga.

Haukuwepo. Chini ya kanisa kulikuwa na korongo la kale. Maji yalilichimba zamani kupita kwenye majivu, kisha likajaa udongo wa mfinyanzi, na juu pakawa tambarare kama pengine popote. Nusu ya kanisa ilikaa kwenye majivu magumu. Nusu nyingine, ile ya bondeni, ilikaa juu ya udongo unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Kila mwaka nusu moja ilitulia na nyingine ikapanda na kushuka, na ukuta, ukiwa hauna pa kwenda, ukapasuka. Hapakuwa na mpasuko wa ardhi wala tetemeko. Ulikuwa msingi ambao haukufika chini.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye lundo la mchanga. Baba alikuwa peke yake, lori halijafika. Nikachuchumaa nikamchorea kwenye mchanga kwa kidole: huu ni ukuta, haya ni majivu, hili ni korongo.

Aliuinamia mchoro.

"Kwa hiyo ningechimba zaidi, ningeyakuta hayo majivu."

"Ungeyakuta, baba."

"Kina gani?"

"Kwenye kona, zaidi ya kimo cha mtu. Karibu mtu na nusu."

Alivua kofia, akaifuta kwa ndani, akaivaa. "Tulichimba msingi kiangazi," akasema. "Sururu ilikuwa inadunda. Tulisema tumefika kwenye mwamba, tukafurahi." Mimi nikaanza kusema kwamba wakati ule hapakuwa na namna ya kujua, kwamba mfinyanzi mkavu humdanganya yeyote, akanikatiza kwa mkono. Alisimama, akaangalia huku na huku.

"Koleo liko wapi?"

"La nini?"

"Mashine yako imeona, mama. Mimi sijaona. Tuchimbe."

Tulichimba kwenye kona, baba, dereva na mimi, tukipokezana. Kwa umri wake sikupenda ashuke shimoni lakini hakuuliza kama napenda. Msingi wake tuliufikia mapema. Ulikuwa mzuri, mawe yamepangwa vizuri, saruji ya kutosha, na aliupapasa kwa kiganja akipita. Chini yake ulianza udongo mweusi, unaonata, uliofunga unyevu hata baada ya jua lote lile. Tulichimba mpaka dereva alipokuwa anatupa udongo juu ya kichwa chake. Bado mweusi. Kisha sururu ikabadilisha sauti, na kijivu kikatokea. Baba aliteremshiwa ngazi, akashuka, akabandua kipande cha majivu, akakivunja. Alipopanda alikuwa ametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi.

"Basi," akasema. "Sasa najua."

Nilidhani angeumia. Labda aliumia, sikuweza kuona. Nilichokiona ni kwamba alikwenda nyumbani, akaoga, na mama akaniambia baadaye kwamba amelitoa sanduku chini ya kitanda na kuupaka mwiko mafuta.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wakati tukisubiri uwanja ukauke, nilikuwa nimepiga mistari kwenye kituta, na mitatu kati yake ilikatiza vigingi vya kanisa jipya. Sasa nilikaa mezani na kompyuta kuisafisha ile picha. Tabaka la majivu lilitoka mashariki limenyooka, likafika chini ya kile kitakachokuwa ukuta wa madhabahu, likakatika. Lilianza tena upande wa pili likiwa limeshuka zaidi ya mita moja, na halikuinuka tena mpaka mwisho wa mstari. Katikati ya vipande viwili kulikuwa na kabari ya udongo uliochanganyika. Nilipiga mistari mingine kaskazini na kusini, na mkatiko ulijitokeza kila mahali, ukifuata kituta. Nilikuwa nimeupata mpasuko wangu. Kamati ilikuwa inakimbia ufa na kwenda kujenga juu ya mpasuko.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati. Ni mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya ubaoni, aliyenifundisha jiografia shule ya msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niende nikayaseme hayo mbele ya watu Jumapili, kwa sababu yeye hawezi kuyabeba peke yake.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki ndani. Nilieleza kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza: jengo hili tunaweza kulitibu, pale juu tusijenge. Kukawa na minong'ono ya Kiswahili na Kiiraqw, kisha mwalimu akasimama.

"Mwanangu, nikuulize kama watu wanavyoniuliza mimi. Hiyo ardhi ya juu itatikisika lini?"

"Sijui, mwalimu."

"Mwaka huu? Wakati wa wajukuu zetu?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba iliwahi kusogea, na ikisogea tena itasogea palepale."

"Sasa," akasema, naye hakufurahia kulisema, "kuna watu wanaona kwamba umesoma, umerudi, na kitu cha kwanza ulichokigundua ni kwamba kanisa la baba yako tusiliache."

Nilifungua mdomo, lakini baba alikuwa ameshasimama. Baba huwa hasemi kwenye mikutano. Alishika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Ufa huu ni wangu," akasema. "Shimo liko nje, kila mtu akaangalie. Msingi niliuishiza kwenye udongo mbaya. Huyu binti yangu ndiye aliyeniambia. Angeweza kusema ardhi ilipasuka chini ya kanisa, baba yangu hana kosa, na nani hapa angembishia? Ile mashine anaisoma peke yake." "Hakusema hivyo. Kwa hiyo akisema pale juu ni pabaya, mimi namwamini."

Akakaa. Mama, aliyekuwa upande wa akina mama, alikuwa ameinamisha kichwa na kufunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

Watu hawakukubali papo hapo. Wengine walisema vigingi vimeshaombewa. Mmoja alisema ukiogopa mipasuko uhame Mbulumbulu yote, na kwa kweli hakukosea sana. Mwalimu ndiye aliyelikata neno. Alisema kama kuna shimo chini basi na juu lichimbwe, na kamati itashuka kuangalia kwa macho yake.

Tulichimba handaki kukatiza kituta, safari hii na vijana wengi wa kwaya, mpaka ukuta wa handaki ukatoa majivu. Niliuparua kwa mwiko wa baba ukawa safi. Upande mmoja majivu yalikuwa usawa wa kifua changu. Yalikwenda kama mkanda, kisha yakakatika kama mkate uliokatwa kwa kisu, na upande wa pili yalikuwa chini kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu aliomba mabuti ya mvua, akakunja kitenge, akashuka. Aliweka kidole kwenye majivu ya juu, akafuata mkatiko polepole mpaka chini, akarudi juu tena.

"Nimechora Bonde la Ufa ubaoni maisha yangu yote," akasema. "Kwa chaki mbili, nyeupe na ya njano." Alibaki mle ndani kuliko wajumbe wengine wote, na alipotoka aliwaambia vijana wang'oe vigingi.

Siku za mwisho za rada niliwatafutia mahali pengine. Mchungaji alionyesha viwanja viwili, na kimoja, mbali na kituta na mbali na mkondo wa lile korongo, kilitoa picha ambayo kwa mtu wa jiolojia haina mvuto wowote: tabaka zimelala, zimetulia, mwanzo mpaka mwisho. Niliwaambia hapa. Jengo la zamani waliamua kulibakiza kwa shule ya Jumapili, wakifunga mifereji ya bati ili maji ya paa yasimwagike kwenye msingi, na wakichimba chini ya ile kona kipande kwa kipande na kujaza zege mpaka kwenye majivu. Kazi hiyo ya kona mwalimu alimpa baba mbele ya kamati nzima. Fundi wa Karatu, kijana muungwana, alisema hata msingi wa kanisa jipya angependa mzee ausimamie.

Siku niliyoondoka kwenda Endabash kuendelea na utafiti, nilipita kumuaga. Walikuwa kwenye mtaro wa msingi mpya, na kulikuwa na mzozo. Vijana walitaka kuanza kupanga mawe. Walisema udongo umeshakuwa mgumu, sururu inadunda.

"Bado," baba akasema.

"Mzee, hapa ni mwamba kabisa."

"Mwagieni maji."

Wakamwaga ndoo moja, wakasubiri. Baba akashuka, akafinyanga kidogo kiganjani, akawaonyesha. Udongo ulikuwa umenata vidoleni. Vijana wakachukua sururu zao wakiguna.

Aliponiona juu ya ukingo aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akaniuliza Endabash nitakaa kwa nani, nikamwambia. Dereva akapiga honi. Baba akanipungia mkono uliojaa udongo, kisha akawageukia vijana na kuwaambia wapanue mtaro upande ule, umewabana, na mimi nikapanda gari tukashika barabara.